Kofi la Lango la Tisa

Katika mifereji ya Uholanzi, lango la maji lilikuwa halifunguki mpaka abiria ampige mwenzake, na pigo liume kweli. Kipimo kilichofungwa ukingoni hakikudanganyika. Lugano na Kitwana, waliolala kitanda cha juu na cha chini miaka minne bwenini, walikodi boti wakicheka. Nani aliyeandaliwa vizuri kuliko wao kwa safari hiyo tukufu?

Kwenye lango la kwanza Lugano alipiga kofi hewani, na Kitwana akalia kama mbuzi wa Idi. Taa nyekundu ikawaka.

"Piga kweli, bwana," Kitwana alisema, amesimama wima kama yuko gwarideni. "Kwa niaba ya shule."

Wakapokezana. Kufikia lango la tano mzaha ulikuwa umekwisha. Kwenye la nane Kitwana alikunja ngumi, na jino la Lugano likadondoka miguuni pake.

"Kofi lingetosha, we mshenzi!"

"Nimechoka kungoja."

La tisa, ambalo ndilo la mwisho, lilikuwa zamu ya Lugano. Lilifunguka kwa pigo la kwanza. Yeye alipiga matatu.

Walipotia nanga, Kitwana alimletea kitambaa chenye maji baridi. "Yamekwisha, ndugu yangu."

"Yamekwisha," Lugano alikubali, akaenda kuandaa chai. Mlango wa kabati la sukari ulikuwa umekwama. Kitwana akaja kumsaidia kuuvuta.

Lugano akageuka, akamtandika kofi.

Walisimama bega kwa bega wakiutazama mlango wa kabati, wakingoja ufunguke.