Kushika Neno

Tangu kiharusi kimpige upande wa kulia, mwandishi Mshangama alishindwa kutumia kipanya. Mkono ulitetemeka, na kishale kikamtoroka kwenye skrini. Aliyejitolea kumfundisha njia nyingine alikuwa Sikitu, mtalaka wake, na mji mzima ulishangaa.

"Achana na kipanya, Baba Nunu," alimwambia, akivuta kiti karibu. "Mkono wa kushoto ubane Kontrol na Shifti pamoja. Kidole cha kulia kibonyeze kitufe cha mshale wa kulia tu. Kila ukibonyeza, unashika neno zima."

Mbele yao ulikuwa ukurasa wa shukrani wa kitabu chake kipya. Sentensi ya mwisho ilisema: "Namshukuru Sikitu, aliyekuwa mke wangu."

Sikitu aliisoma. Kisha akasema kwa upole, "Haya, jaribu. Chagua neno lolote."

Mshangama alikitembeza kijistari cha kuandikia polepole hadi mwanzo wa neno "aliyekuwa". Kidole kilikuwa kizito kama cha mtu mwingine. Akabana, akabonyeza. Neno likageuka buluu.

"Umeweza!" Sikitu alicheka. Halafu akaona ni neno gani, kicheko kikakatika.

"Na kulifuta je?" Mshangama aliuliza, bila kumtazama.

"Kitufe kirefu, pale juu kulia."

"Mkono haufiki, Mama Nunu."

Ulifika vizuri tu, na wote wawili walijua. Neno likabaki linang'aa, na Sikitu, taratibu, akainua kidole chake juu ya kitufe.