Nungunungu Kwenye Foleni ya Majani Machungu

Palikuwa na bonde ambalo wanyama wake walikondeshwa na ugonjwa wa damu, na waliopona ni wale waliotafuna majani machungu ya mganga Korongo kila asubuhi. Nungunungu aliambukizwa kama wenzake, lakini mwaka wa saba ulipita hajatafuna hata jani moja, na hakukonda. Korongo akamtoboa, akaitazama damu, akabaki anajikuna shingo.

"Ugonjwa umo, ila umejikunyata kama umefungiwa. Unafanyaje?"

"Sijui, mganga. Hata mimi nashangaa."

Ngiri, jirani yake, alidhani anaficha siri. Nungunungu akila mizizi, naye hula mizizi. Akilalia ubavu wa kushoto, naye vivyo hivyo. Mwishowe Ngiri akatupa majani machungu aliyopewa na Korongo. Mwezi haukuisha, mbavu zikamtoka.

"Nimekuiga kila kitu, jirani. Nimekosea wapi?"

Kesho yake Nungunungu akamkokota hadi kwenye foleni ya Korongo, akajipanga mbele ya Ngiri.

"Wewe huumwi," Korongo alisema.

"Najua. Nipe tu."

Akatafuna, uso umemkunjamana kwa uchungu. Nyuma yake, Ngiri akafungua kinywa kupokea jani lake.