Chale Tatu za Kifuani

Kisu cha mashine ya kiwandani kilinikata mkono wa kulia, na bima ikakataa kunilipa kwa sababu ya chale tatu kifuani mwangu.

Siku hizi bima haikuulizi kitu, inakumulika ngozi. Taa ilisoma makovu yangu, karani akanigeuzia kioo cha kompyuta: degedege, umri wa miezi minane.

"Dada, ugonjwa huu hukuutaja ulipojiunga. Tutajuaje kama si huo uliokuangusha kwenye kisu?"

"Nilikuwa mtoto mchanga! Ningejuaje mimi?"

"Mwili wako unajua," alisema, akamwita mteja mwingine.

Nyumbani nilimfokea mama. Hakubisha.

"Uligeuza macho, mwanangu, na hospitali ilikuwa mbali. Nikamwita mganga akakuchanja, ukapona. Ulitaka nikuache ufe?"



Leo asubuhi mwanangu Kibwana, mwenye mwaka mmoja, ameamka anachemka. Nikiwa nimempakata kwa mkono huu uliobaki, akaanza kukakamaa, macho yakageuka. Zahanati iko ng'ambo ya barabara, mlango wake nauona dirishani. Kila anayeingia mle anaandikwa, na kilichoandikwa hakifutiki mpaka anazikwa.

Mama alikuwa ameshajitupia kanga. "Mama Kibwana, twende basi!"

"Funga dirisha, mama. Leta maji tumkande hapahapa."

Alinitazama kama mtu asiyenifahamu.

"Mimi hospitali ilikuwa mbali," alisema.

Kisha akafunga dirisha.