Lisaa la Mwanahawa

Jumatano ile waya wa mtandao ulikatika hospitalini. Kompyuta ya mapokezi ikaunganishwa kwenye mtandao wa simu, na saa yake ikabaki nyuma. Sasa kioo kinasema Mwanahawa alifariki saa tatu.

"Saa tatu tulikuwa nyumbani," mumewe, Mzee Kitwana, alimwambia mganga mkuu. "Alikuwa ananisuta nimevaa shati nje-ndani."

"Mtandao ulibadilika, mzee wangu, mashine haikujirekebisha. Ikishaandika, imeandika."

"Yaani nyie wakubwa mmemuua kabla hajafa!"

"Ni lisaa limoja tu, mzee."

Kitwana aliigeuza kompyuta taratibu, akamwelekezea mganga kioo chake.

"Basi aliyeniegemea njiani kuja hapa, akaniambia tusiende mbio, alikuwa nani?"