Mkondo wa Bahari ya Rebero

Kabagwira alipiga magoti ndani ya msingi wa nyumba kule kilimani Rebero, akapitisha kiganja juu ya mwamba ambao mafundi waliufukua asubuhi ile. Ulikuwa na mikunjo midogo, kama mchanga wa ufukweni, iliyoachwa na bahari iliyokauka kabla nchi kavu haijaota hata jani moja.

Upande wa mteremko mkali wa kila mkunjo, ule unaoonyesha maji yalikoelekea, ulitazama mashariki.

Akapapasa tena. Mashariki. Kwa miaka tisa alikuwa akiichora ramani ya bahari ile, na mishale yake yote ya mkondo ilielekea magharibi. Mwamba wa kule Kabuga nao ulimwambia hivihivi mwaka juzi. Akasingizia mmomonyoko, akaendelea kuchora.

Magoti yalimuuma. Alitamani kulala palepale.

"Mama, iko shida?" fundi aliuliza kutoka juu. "Zege inakauka. Tumwage?"

Hapakuwa na mwingine pale aliyejua kuusoma mwamba.

"Ngojeni kidogo." Akatoa simu, akampigia mchapaji. "Ile ramani yangu, mmeshaanza kuichapa?"

"Ndiyo tunaanza, madamu."

"Zimeni mashine."