Chapati za Mashavu

Mwezi mzima Siwema hakuwa na video ya kurusha mtandaoni. Kila akiwasha simu jikoni, maneno yalimkaukia mdomoni. Na jirani yake Mashavu, ambaye Siwema ndiye aliyemfundisha kupika, sasa alitazamwa na maelfu.

Siku hiyo wivu ukampanda. Akakanda unga huku akifoka, "Eti Mashavu mpishi! Mwizi ukimpiga kwa chapati yake, anakimbilia polisi mwenyewe!"

Kumbe simu ilikuwa inarekodi. Akajitazama, akacheka mpaka machozi. Hakuwahi kuwa mtamu hivyo kwenye video.

"Shoga!" Mashavu akaita dirishani. "Nimekuletea chapati. Leo zimekuwa ngumu, hebu nifundishe tena."

Siwema akapokea sahani kwa mkono mmoja. Kidole cha mkono wa pili, cheupe kwa unga, kilikuwa juu ya kitufe cha kurusha.