Arobaini ya Jiji

Sufuria ilikuwa imefungwa kwa kitambaa cheupe, na mwenyewe hakutaka kuiweka chini.

"Mama, tua hiyo mzigo," alisema Alionzi, kipaza sauti kikining'inia shingoni. "Hapa hakuna mwizi ya chakula, ni mimi tu."

"Utakula, mwanangu. Chakula iko ya watu wote. Lakini kwanza musome."

Alionzi akageuka, akicheka. "Umesikia, Madamu? Hii mama anataka tusome mbio, njaa isimwue."

Eyotaru hakucheka. Kwa miaka mitatu alikuwa ameongoza kazi ya kuuchora mji wa Arua utakavyokuwa katika mwaka wa elfu mbili na arobaini, na leo wakazi walikuja ukumbini kuusikia mpango na kuupigia kura. Wakiukataa, ungerudi kabatini, na mji ungeendelea kujijenga wenyewe juu ya mifereji na chemchemi, hadi lisibaki hata tone la kunywa.

Jina la mpango lilikuwa refu, linachosha ulimi. Ni yeye aliyelikata. "Sema Arobaini tu," alimwambia Alionzi gari la matangazo lilipokuwa likitoka. "Neno fupi watu hawalisahau." Alionzi akazunguka nalo Ajia, akazunguka nalo Adumi, akafika hadi Koboko: "Arobaini! Jiji iko na Arobaini! Watu wote mukuje!"

Walikuja, wengi kwa hasira. Kila mwenye alama nyekundu ya kubomolewa ukutani kwake alitaka kumwona aliyeipaka. Shangazi yake Eyotaru mwenyewe, wa Pajulu, hakuwa akisema naye tangu vigingi vya wapimaji vilipopigwa katikati ya makaburi ya ukoo. Kutazamwa vibaya alikuwa amekuzoea. Hakuzoea kutazamwa kama mama huyu wa sufuria alivyomtazama, kwa macho ya kushukuru.

Akamsogelea. "Unaitwa nani, mama?"

"Bushira. Natoka Koboko. Nyumba yetu iko nyuma ya msikiti."

"Umekuja mbali."

"Nisikuje namna gani? Nilisikia gari inaita, nikakaa chini palepale jikoni, nikalia. Nikasema, kumbe watu wakubwa wanatukumbuka."

Maneno hayo yalimchoma Eyotaru. Akaifungua ramani ndogo juu ya kiti. Barabara ya Koboko ingepanuliwa, na nyuma ya msikiti mstari ulikatisha juu ya nyumba kadhaa. Akatoa penseli, akausogeza mstari ng'ambo ya pili, kwenye shamba la mihogo la mtu ambaye hakuwapo ukumbini. Katika miaka yote mitatu hakumfanyia mtu yeyote jambo kama hilo, hata shangazi yake.

"Mama Bushira, nyumba yako haitaguswa."

"Nyumba?" Bushira alimkazia macho, kisha akatabasamu kwa adabu, kama mgeni aliyepewa kitu asichokiomba. "Mungu akulipe, binti yangu. Mutasoma saa ngapi?"

"Sasa hivi."

Mvua ikaanza kupiga mabati. Eyotaru alisimama mbele ya ramani kubwa, akasoma kwa sauti, huku fimbo yake ikitembea mtaa hadi mtaa. Soko jipya hapa. Shule pale. Stendi ya magari itoke katikati ya mji.

"Na sisi tutalala wapi? Kwa hiyo karatasi?" mtu alipiga kelele kutoka nyuma, na ukumbi mzima ukacheka kicheko kibaya.

Bushira hakucheka. Alikuwa ameiweka sufuria mapajani hatimaye, viganja vyake viwili vikiwa wazi juu ya kifuniko, midomo ikicheza bila sauti. Eyotaru alidhani anayarudia majina ya mahali, asije akayasahau njiani. Akajikuta anamsomea yeye peke yake. Huyu angalau alikuwa anasikiliza.

Fimbo ikafika kwenye doa la buluu, Pajulu. Mwezi uliopita, kwa mvua kama hii, shimo la kupimia udongo lilibomoka pale na kumfunika kibarua. Kontrakta alisema mambo yameshughulikiwa, maiti imerudishwa kwao. Kilichofika mezani kwa Eyotaru ni majibu ya vipimo vya udongo tu, naye akachukua rangi ya buluu, akapaka.

"Hapa ardhi ni laini," alisoma. "Hapatajengwa kitu. Patakuwa bustani, watu wakae wapumzike."

Bushira akasimama, sufuria mikononi.

"Binti yangu, nisamehe, nakukatia maneno. Umesoma vizuri sana. Umesoma soko, umesoma shule, umesoma barabara. Sasa jina ya Kenyi utasoma saa ngapi?"

"Kenyi gani tena, mama?" aliuliza Alionzi, kicheko kikiwa bado usoni mwake.

"Kenyi yangu. Ile udongo ilifunika kwa shimo yenu, Pajulu." Aligeuka, akavitazama viti vyote vilivyojaa watu hadi mlangoni, kisha akamrudia Eyotaru. "Si hii ndiyo arobaini yake?"